Farumi ya Trekta Dogo: Kwa Nini Uzito Huwekwa Mbele

Manahodha wa majahazi ya pwani yetu wanajua tangu zamani kwamba chombo kitupu hakina usalama baharini. Kabla ya kutweka tanga, hutia mawe au mchanga katika sehemu ya chini ya chombo, na uzito huo huitwa farumi. Farumi haiuzwi bandarini wala haimlishi mtu. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kukishikilia chombo kisipinduke.

Msomaji aliyepata kulitazama trekta kwa makini huenda ameona mbele ya rejeta vyuma vizito vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, mithili ya vitabu rafuni. Hiyo nayo ni farumi. Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini trekta huhitaji uzito huo, kwa nini huwekwa mbele ilhali kazi hufanyika nyuma, na jinsi mwanafunzi wa kidato cha pili awezavyo kukokotoa kiasi chake kwa kanuni ambayo tayari anaijua.

TUKIO LA SHAMBA LA SHULE

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari iliyoko milimani. Shule hiyo ilikuwa na trekta dogo, na nyuma yake ilifungwa fremu ya chuma iliyobeba tangi la maji ya kumwagilia miche. Njia ya kwenda kitaluni ilikuwa ya kupanda. Dereva, mtu mzima mwenye uzoefu, alijua kwamba tangi likijaa usukani huwa mwepesi na magurudumu ya mbele huacha kutii. Kwa hiyo aliwaita vijana wawili waketi juu ya boneti.

Walipofika nusu ya njia, gurudumu la nyuma lilipanda juu ya jiwe. Sehemu ya mbele ya trekta ikainuka kiasi cha shubiri mbili, kisha ikarudi chini kwa kishindo. Kijana mmoja aliangukia upande wa bondeni akavunjika mtulinga. Mwenzake aliangukia mbele ya gurudumu, na kama dereva asingekanyaga klachi na breki papo hapo, nisingekuwa na moyo wa kuandika makala hii.

Jambo lililonisumbua baadaye ni kwamba dereva yule hakuwa mjinga. Kwa uzoefu wake alikuwa ametambua kanuni sahihi kabisa ya fizikia. Kosa lake lilikuwa kutumia watu mahali pa chuma, na kutojua kiasi. Nako darasani, wanafunzi hao hao walikuwa wamekwisha kufundishwa kanuni ya momenti kwa mfano wa watoto wawili wanaobembea juu ya ubao. Kanuni ilikuwa ubaoni na hatari ilikuwa njiani, wala hapakuwa na mtu aliyeviunganisha viwili hivyo.

TREKTA NI WENZO

Trekta likiwa na mzigo nyuma ni wenzo. Egemeo lake ni mahali magurudumu ya nyuma yanapogusa ardhi. Mbele ya egemeo hilo uko uzito wa trekta lenyewe, hasa injini, ambao hukandamiza magurudumu ya mbele. Nyuma yake uko uzito wa zana au mzigo ulioning'inizwa kwenye mikono ya kunyanyulia, ambao hujaribu kuyainua magurudumu hayo.

Mwanafunzi atakumbuka kwamba momenti ya kani ni kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, umbali huo ukipimwa kwa pembemraba na mwelekeo wa kani. Wenzo hutulia iwapo jumla ya momenti za upande mmoja ni sawa na jumla ya momenti za upande wa pili. Uzito hasa hupimwa kwa nyutoni, lakini kwa kuwa kila uzito katika hesabu yetu ungezidishwa kwa namba ile ile, yaani 9.8, tunaweza kuiacha namba hiyo na kuhesabu kwa kilo.

Magurudumu ya mbele yakikosa uzito, kwanza hupoteza uwezo wa kuongoza, kwani msuguano kati ya tairi na ardhi hutegemea kani inayozikandamiza pamoja. Hapo dereva hukata usukani, magurudumu yakageuka, na trekta likaendelea kwenda moja kwa moja. Uzito ukizidi kupungua hata kufikia sifuri, magurudumu huinuka. Kwa sababu hiyo vitabu vya maelekezo ya matrekta hutaka ekseli ya mbele ibebe, wakati wote, si chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta likiwa tupu.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa trekta dogo lenye uzito wa kilo 1200 pamoja na dereva. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.6. Likiwa tupu mahali tambarare, ekseli ya mbele hubeba kilo 480 na ya nyuma kilo 720. Nyuma tunalifungia tangi lenye lita 300 za maji. Maji, tangi na fremu vyote pamoja vina kilo 400, na kitovu cha uzito wake kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma.

Momenti inayokandamiza mbele ni 480 × 1.6, yaani 768. Momenti ya mzigo ni 400 × 1.2, yaani 480. Tofauti ni 288. Tukiigawa kwa mita 1.6 tunapata kilo 180. Huo ndio uzito uliobaki juu ya magurudumu ya mbele. Lakini asilimia 20 ya kilo 1200 ni kilo 240. Hivyo tumepungukiwa na kilo 60.

Je, tuongeze chuma cha kilo 60? La, kwa maana farumi haiwekwi juu ya ekseli ya mbele, bali hutundikwa mbele yake zaidi. Tuseme kitovu chake kiko mita 0.5 mbele ya ekseli hiyo, yaani mita 2.1 kutoka kwenye egemeo. Kila kilo iliyo hapo huongeza 2.1 ÷ 1.6, yaani takriban kilo 1.3, juu ya magurudumu ya mbele. Kwa hiyo kilo 46 zatosha, na vyuma viwili vya kilo 25 kila kimoja vitatupa nafasi kidogo: magurudumu ya mbele yatabeba karibu kilo 246.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: kilo 50 zimewezaje kuongeza kilo 66? Hazikuumba uzito mpya. Jumla ya uzito wote sasa ni kilo 1650, na mbele zimo 246. Basi ekseli ya nyuma inabeba 1404. Kabla ya farumi ilikuwa inabeba 1420. Kilo 16 zilizozidi mbele zimetolewa nyuma. Hapa tunajifunza jambo ambalo wakulima wengi hulikosea: farumi ya mbele haiyapi magurudumu ya nyuma nguvu ya kukamata ardhi, huipunguza kidogo. Anayetaka magurudumu ya nyuma yasiteleze huongeza uzito kwenye magurudumu hayo yenyewe.

Kilo 50 hizo hizo zingefungwa karibu na miguu ya dereva, mita 0.5 tu mbele ya ekseli ya nyuma, zingeongeza mbele kilo 16 peke yake. Mahali uzito ulipo ni muhimu sawa na wingi wake.

MWINUKO HUBADILI HESABU

Hesabu iliyotangulia ni ya mahali tambarare. Trekta linapopanda mlima, kitovu cha uzito, ambacho kiko juu ya ardhi, husogea nyuma kuelekea egemeo, na mzigo wa nyuma nao husogea mbali zaidi. Tuseme kitovu cha uzito wa trekta letu kiko mita 0.6 juu ya ardhi na cha tangi mita 0.7. Kwenye mwinuko wa nyuzi 15, yaani unaopanda sentimita 27 katika kila mita moja ya mlalo, magurudumu ya mbele yasiyo na farumi hubaki na kilo 12 tu. Huo ni uzito wa debe la maji lisilojaa. Jiwe dogo, au klachi iliyoachiwa kwa ghafla, hutosha kuyainua.

Trekta hilo huinuka lenyewe, hata likiwa limesimama, mwinuko ukifika nyuzi 16. Likiongezewa zile kilo 50 zilizo mita 0.5 juu ya ardhi, mpaka huo husogea hadi nyuzi 21. Sasa tuwarudie vijana wetu wawili. Tuseme pamoja walikuwa na kilo 110, wameketi mita 1.3 mbele ya ekseli ya nyuma na mita 1.3 juu ya ardhi. Wao wangeusogeza mpaka hadi nyuzi 20.7. Kwa maneno mengine, vyuma viwili vya kilo 25 vilivyofungwa chini na mbele vinafanya kazi iliyo sawa na ya vijana wawili walioketi juu. Tofauti ni kwamba chuma hakianguki, na kikianguka hakivunjiki mtulinga.

Msomaji asidhani kwamba nyuzi 21 ni ruhusa. Huo ni mpaka wa trekta lililosimama tuli. Likiwa katika mwendo hutikiswa na mashimo na mawe, na dereva mwenye busara hukaa mbali sana na mpaka huo. Mahali palipo pa kupanda sana, na mzigo ukiwa nyuma, ni afadhali kupanda kinyumenyume, mzigo ukitangulia juu.

KUKOKOTA NA KUPINDUKA

Mzigo ulioning'inizwa sio sababu pekee ya kuinuka. Trekta linapokokota, kani ya mnyororo huvuta kuelekea nyuma, na momenti yake ni kani hiyo ikizidishwa kwa kimo cha mahali mnyororo ulipofungwa. Tulichukue trekta lile lile bila tangi, likijaribu kung'oa kisiki. Juu ya ardhi kavu na ngumu, tuseme kizigeu cha msuguano ni 0.7, magurudumu yakibeba kilo 1200 zote, yanaweza kuvuta kani isiyozidi uzito wa kilo 840 kabla ya kuteleza.

Mnyororo ukifungwa chini, kwenye kimo cha mita 0.4, ingehitajika kani ya kilo 1920 kuinua mbele. Magurudumu yatateleza zamani kabla ya hapo. Dereva atapoteza mafuta na muda, basi. Lakini mnyororo ukifungwa juu, kwenye kimo cha mita 1, kani ya kilo 768 inatosha. Hiyo ni ndogo kuliko 840. Magurudumu hayatateleza; trekta litainuka na kumwangukia dereva. Kosa ni la nusu mita tu.

Jambo hili liligharimu maisha ya watu wengi katika historia ya kilimo. Mwaka 1917 kiwanda cha Henry Ford huko Marekani kilianza kutengeneza trekta la Fordson, lililokuwa jepesi na la bei nafuu, lenye uzito wa takriban tani 1.2. Liliuzwa kwa wingi mno, na upesi likajulikana kwa sifa mbaya ya kupindukia nyuma jembe liliponasa kwenye mwamba au mzizi. Baadaye bamba za matope za nyuma zilirefushwa, ili trekta likiinuka zigote chini kabla halijapinduka.

Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, alilitazama tatizo hilo kwa njia nyingine. Alibuni mikono mitatu ya kufungia zana, miwili chini na mmoja juu, iliyotumiwa katika matrekta aliyoanza kuyauza Uingereza mwaka 1936, kisha katika trekta alilolitoa pamoja na Ford mwaka 1939. Jembe linapokutana na ardhi ngumu, mkono wa juu husukuma mbele, na msukumo huo husaidia kuyashikilia magurudumu ya mbele yasiinuke. Karibu matrekta yote ya leo, makubwa kwa madogo, hutumia mpango huo. Lakini tuangalie: msaada huo upo wakati jembe limo ardhini. Jembe likinyanyuliwa ili trekta ligeuke mwishoni mwa shamba, uzito wake wote huning'inia nyuma. Hapo ndipo farumi huhitajika, na matrekta madogo huihitaji zaidi, kwa kuwa mkulima mara nyingi huyafungia zana nzito kupita kiasi cha maumbile yao.

Kupindukia nyuma ni jambo la haraka mno. Katika muda wa robo tatu ya sekunde hivi trekta hufika mahali ambapo haliwezi tena kurejeshwa, na dereva wengi hawawahi hata kukanyaga klachi. Kwa sababu hiyo nchi ya Uswidi ilipitisha mwaka 1959 sharti la kuwa kila trekta jipya liwe na fremu imara ya kumkinga dereva, na nchi nyingine zikafuata. Dereva wa trekta lenye fremu hiyo na afunge mkanda. Asiye na fremu asifunge.

FARUMI YA NAMNA GANI?

Farumi ya kiwandani hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, nayo ina mshikio na mdomo wa kuning'inia kwenye fremu ya mbele. Chuma hupendwa kwa sababu ya densiti yake. Kilo 50 za chuma cha kusubu hujaza kiasi cha lita 7 tu. Zege yenye uzito huo hujaza lita 21, mchanga mkavu takriban lita 31, na maji lita 50. Asiyeweza kununua chuma anaweza kusubu bonge la zege, mradi alitie nondo ndani na kulifunga kwa boliti mahali palipokusudiwa na watengenezaji. Mawe yaliyofungwa kwa kamba na magunia ya mchanga yasitumike, kwani hulegea, na uzito unaoanguka mbele ya gurudumu ni hatari kuliko kutokuwa nao.

Tena, si kila mara farumi ni dawa. Katika mfano wetu, tangi likisogezwa karibu hata kitovu chake kiwe mita 0.9 nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele hubaki na kilo 255 bila chuma chochote. Mzigo ukipunguzwa kutoka kilo 400 hadi 250, hubaki na kilo 292. Farumi ya bei nafuu kuliko zote ni kwenda safari mbili. Hata hivyo tangi lililojaa nusu lina hila yake: maji hukimbilia nyuma trekta linapopanda. Madumu machache yaliyojaa na kufungwa vizuri ni bora kuliko tangi moja linalochezacheza.

Uzito ukizidi una madhara pia. Tairi na fani za ekseli ya mbele huchakaa upesi, usukani huwa mzito, mafuta hupotea, na udongo, hasa ule wa mashamba ya mpunga, hushindiliwa hata mizizi ikashindwa kupenya. Kwa hiyo farumi huwekwa kwa kazi maalumu na kuondolewa kazi ikiisha. Iwapo trekta limefungiwa sepeto ya kuchotea mbele, mambo yote hugeuka: egemeo huwa ekseli ya mbele, na farumi huwekwa nyuma.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuithibitisha kanuni hii kwa rula ya mita moja, mizani ya jikoni na vifuko vya mchanga.

1. Laza rula juu ya ncha mbili, moja kwenye alama ya sentimita 30, iwe ekseli ya nyuma, na nyingine kwenye alama ya 70, iwe ya mbele. Ncha ya mbele iwe juu ya mizani. Hakikisha rula iko sawasawa.

2. Weka kifuko cha gramu 200 kwenye alama ya 50, kiwe trekta. Soma mizani na uandike.

3. Weka gramu 200 nyingine kwenye alama ya 10, ziwe mzigo. Mizani itapungua kwa gramu 100.

4. Ongeza farumi ya gramu 100, kwanza kwenye alama ya 30, kisha 70, kisha 90. Nyongeza zitakuwa sifuri, gramu 100 na gramu 150.

Wanafunzi na watabiri kila jibu kabla ya kusoma mizani. Kisha waulizwe: farumi ya gramu ngapi inatakiwa kwenye alama ya 90 ili kuufuta kabisa mzigo wa hatua ya tatu? Na ikiwekwa kwenye alama ya 50, je?

Shule yenye trekta ifanye zaidi ya hapo. Nilipokuwa masomoni Uingereza, mkulima mmoja mzee alinionyesha desturi yake: kila alipofunga zana mpya aliinyanyua polepole mahali tambarare, akaenda hatua chache, akakata usukani kulia na kushoto, na kusikiliza kwa mikono kama trekta linamtii. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Wanafunzi wetu wanazo zote mbili, pamoja na futi ya kupimia. Wapime umbali wa ekseli, wasome uzito katika kitabu cha maelekezo, wakokotoe, kisha wampelekee dereva jibu lao kwa heshima, maana yeye ndiye anayeketi kwenye usukani.

Ama ile shule ya milimani, mwaka uliofuata nilipita huko tena. Mbele ya trekta lao palikuwa na bonge la zege lililopakwa rangi nyekundu, na ubavuni mwake mtu alikuwa ameandika kwa mkono: "Kilo 50. Watu wasikae hapa."